Usianze na dawa, anza na usingizi: jinsi ya kuongea na vijana wa Dodoma kuhusu mirungi, enaji na vitu vya kukesha

Mara ya kwanza napewa kazi ya kwenda kuelimisha vijana nilienda kijiwe kimoja cha bodaboda kule Nkuhungu, nimebeba bango kubwa lina picha ya sindano na jamaa amekondeana macho yameingia ndani, nikaongea dakika arobaini nzima. Wakanisikiliza kwa adabu, wengine wanatikisa kichwa kabisa, nikauliza kuna swali, kimya, wakasema asante kaka tumeelewa, nikakunja bango langu nikaondoka najiona mtu wa maana. Jioni kama saa moja nikapita pale pale kununua chipsi, namkuta yule dogo aliyekuwa amekaa mbele, mtikisa kichwa namba moja, shavu la kushoto limetuna mirungi kama ana jino bovu, chupa ya enaji imening'inia kwenye usukani na bigijii iko mkononi. Akaniona, akacheka, akaniambia "kaka, hii mbona haikuwepo kwenye bango lako."

Na kweli haikuwepo.

Kwahiyo hiki ninachoandika hapa ni kile ambacho ningependa mtu aniambie kabla sijabeba lile bango. Kinamfaa mwelimisha rika, mwalimu wa malezi, mwenyekiti wa mtaa, mwanachuo anayetaka kufanya utafiti wake wa mwaka wa tatu, au mama tu ambaye kijana wake siku hizi usiku hali chakula na halali usingizi. Ishu nzima iko kwenye kichwa cha habari. Ukimuuliza kijana "unatumia dawa za kulevya?" atakujibu hapana na hatakuwa anakudanganya, kwasababu kwenye kichwa chake dawa za kulevya ni unga, ni mateja wa kwenye daraja, ni ile habari ya Desemba 2023 ambapo Mamlaka ya dawa za kulevya walitangaza wamekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar na Iringa. Yeye ana kifungu chake cha majani na kinywaji cha dukani kwa mangi, wapi na wapi? Lakini muulize "jana umelala saa ngapi?" alafu nyamaza. Hapo ndio stori inaanza.

Jua kwanza unaongelea nini

Usiende kijiweni huku na wewe mwenyewe umechanganya madawa. Kuna vitu vinapooza, heroini ni kundi hilo, pombe pia mwisho wa siku inapooza, na kuna vitu vinachangamsha, yaani vinafukuza usingizi na njaa, vinapandisha mapigo ya moyo na presha, mtu anaongea sana na anajiona anaweza yote. Kundi la vichangamshi ni refu kuliko watu wanavyodhani, limeanzia kwenye chai na kahawa, linapita kwenye enaji, sigara na ugoro (ndio, hata ugoro wa babu zetu wa Kigogo, nikotini ni kichangamshi), linafika kwenye mirungi, alafu huko mwisho kuna kokeni na methamfetamini. Sio kwamba vyote viko sawa kwa ukali, mtu akikuambia chai ya maziwa na meth ni kitu kimoja mwambie aache utani. Ila mlango ni mmoja, vyote vinacheza na ile mitambo ya ubongo inayokwambia "uko macho" na "umefurahi".

Mtaani "unga" inaitwa heroini na inaitwa kokeni pia, kwahiyo mtu akisema unga muulize ni wa kusinzia au wa kukesha, hilo tu. Hata neno arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, vijana wengi wanaona arosto ni ya mateja wa heroini, kwahiyo anakuambia gomba, yaani mirungi, halina arosto, basi sio dawa. Tutarudi hapo.

Mirungi yenyewe, majina yake unayajua, gomba, veve, miraa. Kitu kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa kathinoni, ni ndugu wa karibu wa amfetamini, na hakikai mda mrefu, majani yakinyauka kinapungua nguvu ndani ya siku mbili hivi. Ndio maana kifungu kinavishwa majani ya mgomba, ndio maana magari yake yanakimbia vile barabarani, na ndio maana mlaji hanunui cha kuweka kesho, ananunua cha leo. Shirika la Afya Duniani lilishaiweka mirungi kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuleta utegemezi tangu mwaka 1980.

Kisheria Tanzania ni kosa, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imeitaja, kulima, kuuza, kusafirisha, kukutwa nayo, vyote. Vijana wanachanganyikiwa kwasababu Kenya ni zao halali kabisa, na hapa kwetu kule milima ya Same kuna watu wamelima miaka na miaka, anakwambia "ingekuwa mbaya Wakenya si wangekwisha." Usibishane naye kuhusu Wakenya. Mwambie tu kwamba dereva boda anayepewa "mzigo mdogo" apeleke Chang'ombe kwa elfu tano, kwenye sheria yetu anaingia kwenye kusafirisha, na kusafirisha ni kesi ya kufungwa miaka mingi, mzigo ukiwa mkubwa ni maisha. Hiyo inawashtua kuliko picha ya sindano, nimeona mara nyingi, mtu anaacha hata kucheza na simu.

Chagua saa, alafu chagua mti

Kila kundi lina saa yake. Bodaboda wa mjini, nenda kati ya saa nne na saa sita asubuhi, abiria wa kazini wameshapungua, jua limeanza kuchoma, wamejikusanya chini ya mwarobaini. Ijumaa jioni usijaribu. Waliopo stendi kuu ya Nanenane ni mambo mengine kabisa, pale basi linaingia kila baada ya mda na mpiga debe hawezi kukusikiliza akiona basi, kwahiyo pale ongea na mmoja mmoja, mkikatishwa mnaendelea. Wanachuo wa UDOM, Mipango, St John's, usiwafuate wiki ya mitihani, ila wiki mbili kabla ndio wanaongea vizuri kwasababu ndio wanapanga watakavyokesha, utawakuta kwenye vimbweta wanapiga msuli na chupa zimepangwa mbele yao kama wako kwenye tangazo. Na Kibaigwa, msimu wa mahindi, wabeba magunia wanafanya kazi usiku kucha malori yakiwa mengi, hao uwapate wakati wanakula, na wewe ule, usisimame pembeni na daftari kama mtu wa sensa.

Msalimie mwenyekiti wa kijiwe kwanza. Kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, na kama kijiwe ni cha wenyeji ukiingia na "mbukwenyi" unapunguza nusu ya safari. Bosi mwenye pikipiki asiwepo. Mjumbe asiwepo. Askari ndio usiseme. Na hakuna kupiga picha, hata ile ya kutuma kwenye grupu kuonyesha kazi imefanyika, niliwahi kuona mwenzangu mmoja amepiga selfi na vijana, kesho yake dogo mmoja kanyang'anywa boda na bosi kwasababu kaonekana "kwenye picha za mateja". Kijana hajala hata jani, alikuwa anasikiliza tu.

Alafu hili la vinywaji, naomba nilitoe moyoni. Taasisi moja ilituita kwenye semina ya siku mbili ya kupinga dawa za kulevya kwa vijana, imeandaliwa vizuri, fulana zipo, nauli ipo, saa nne ikafika chai ya mapumziko, vinywaji vilivyogawiwa ni enaji. Boksi kwa boksi. Mfadhili kapata bei nzuri, nadhani. Kwahiyo nasema waziwazi, beba maji, beba karanga za Mpwapwa au zabibu kama ni msimu, acha hayo mengine.

Kama wewe ni mwanachuo na unataka matokeo yaandikwe kwenye utafiti, pitia kwanza kamati ya maadili ya chuo na upate kibali cha halmashauri na mtendaji wa kata, usiende kienyeji, hasa ukiwagusa walio chini ya miaka 18.

Maswali, na mpangilio wake

Kuna vitu vitatu tofauti na watu wanavichanganya kila siku, anachojua, anavyoona, na anachofanya. Mtu anaweza kujua mirungi inaharibu usingizi (anajua), akaona ni ya wanaume wa kazi sio ya wahuni (anavyoona), na akala mara nne kwa wiki (anachofanya). Ukiuliza cha kwanza tu utaandika ripoti nzuri sana ya uongo. Vijana wa Dodoma wanajua, aisee, wanajua mpaka wanakufundisha wewe. Kujua sio tatizo lao kubwa. Tatizo ni hesabu ya bosi inayotakiwa kila siku, ni mtihani wa saa mbili asubuhi, ni lori la kupakua saa nane usiku.

Mimi naendaga hivi. Jana umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi. Kwanini saa hizo. Ukisikia usingizi barabarani unafanyaje. Hapo yeye mwenyewe atataja, "nashtua na enaji", "nashika kitu kidogo". Usiruke kama umepata samaki. Sema tu "mm", uliza "na hiyo inakupa masaa mangapi?" Atakuambia. "Na ikiisha?" Hilo la mwisho ndio swali la dhahabu, kwasababu hakuna anayewaulizaga kuhusu ikiisha, wote wanauliza kuhusu ikianza.

Unapotaka kujua kiasi usiulize "huwa unatumia mara ngapi", huwa ni neno la uongo, kila mtu huwa anafanya mambo mazuri. Uliza siku saba zilizopita, moja moja, jumamosi ulikuwa wapi, ukanywa nini, jumapili. Na mambo mazito muulizie kwanza kwa washkaji zake, "hapa kijiweni watu wanasemaje kuhusu dogo anayekula gomba?", utapata anavyoona yeye bila kumsukuma. Swali ambalo hutakiwi kuuliza kabisa ni ananunua wapi na kwa nani. Likikutoka hilo tu, wewe ni polisi, na utabaki polisi mpaka uhame mkoa.

Sauti nayo ina kazi yake. Mdogo wako mwite dogo au mdogo wangu, mkubwa mwite kaka au mzee, usimwite mtu "mteja" au "mlengwa" kama zile karatasi za mradi zinavyosema.

Sasa kuna mambo mtu hatasema mbele ya wenzake, hata umpe nini. Hapo tunatumia ndoo. Kila mtu unampa punje moja ya mahindi na moja ya maharage, hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, unauliza swali moja, kwa mfano "ndani ya siku saba zilizopita umekula mirungi?", kila mmoja anatumbukiza punje moja kwenye ndoo iliyofunikwa, ile nyingine anaitupa kwenye mfuko wa pembeni. Mwisho mnamwaga mbele ya wote, mnahesabu, hakuna anayejua ya nani ni ipi. Mara ya kwanza nilifanya kijinga, nilisema ukisema ndiyo weka haragwe, ukisema hapana usiweke kitu, alafu ndoo yenyewe plastiki tupu. Dogo wa kwanza kaingiza mkono, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, "ko!" Kijiwe kizima kikacheka, yule bwana akainuka akawasha boda akaondoka, na sikumuona tena kwenye vikao vyangu. Tangu siku hiyo ndani ya ndoo naweka kitenge kimekunjwa, na kila mtu lazima atumbukize kitu. Punje zikimwagwa na mahindi yakazidi maharage, usiseme neno. Wao wenyewe wataangaliana, na wataanza kuongea.

Wakikuuliza wewe

Watakuuliza, na hapa ndio unapimwa. La kwanza karibu kila kijiwe, "kaka wewe hujawahi?" Jibu ukweli wako kwa kifupi. Mimi wangu ni huu, nilikuwa utingo miaka miwili kwenye lori la Dar kwenda Kahama, tukilala masaa matatu tunashukuru, dereva wangu anakula gomba kuanzia Gairo na mimi nabeba enaji zangu. Usiku mmoja kati ya Bahi na Manyoni nikaona ng'ombe mweupe katikati ya barabara, nikapiga kelele, dereva akakanyaga breki mpaka trela likayumba, tukashuka na tochi. Hakukuwa na ng'ombe, hakukuwa hata na kinyesi. Tulikaa pale chini ya lori kimya kama dakika kumi, alafu dereva akatoa kifungu kingine. Nikiwaelezea hivyo huwa sina haja ya kuongeza kitu, mwenye ng'ombe wake naye anamtaja, na kila mmoja pale ana ng'ombe wake.

Maelezo ya kitaalamu ya yule ng'ombe ni rahisi, kichangamshi hakiondoi uchovu, kinazima taa ya kuonyesha uchovu, ubongo ukizidiwa unalala wenyewe sekunde mbili tatu na macho yako wazi, au unaanza kukuonyesha vitu. Kuna dogo wa Kisasa alinipa mfano ambao nimeuiba mpaka leo, akasema "kwahiyo ni kausha damu ya usingizi." Sijapata bora zaidi. Ni kama ile mikopo ya mtaani ya riba kali, unakopeshwa leo bila dhamana, rejesho ni keshokutwa, na riba hujui.

"Enaji si inauzwa dukani, ina mhuri?" Ndio, ni halali na kwa mtu mzima mwenye afya chupa moja sio mwisho wa dunia. Mwambie asome nyuma ya chupa. Nyingi zina kafeini kama miligramu 30 kwa kila mililita 100, na wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya mwaka 2015 walisema mtu mzima asizidi miligramu 400 kwa siku, na kwa watoto na vijana wadogo walipendekeza miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Fanyeni hesabu pamoja pale pale na fimbo kwenye mchanga, mwanafunzi wa kilo 40 kiwango chake ni miligramu 120, chupa ya mililita 400 imekimaliza chote, na anaweza kununua mbili kabla ya pindi la jioni kwasababu bei yenyewe haiumi. Na inakaa mwilini, nusu ya kafeini inachukua kama masaa matano kuondoka, ukinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku bado nusu unayo. Hesabu hii wanafunzi wa sekondari wanaipenda ajabu.

"Tunachanganya na pombe kali, hatulewi." Mnalewa, hamjui tu kama mmelewa. Pombe iko pale pale kwenye damu, enaji inaficha dalili, ndio mtu anaongeza nyingine na anapanda boda anajiona mzima. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini vichupa vidogo vipo, na huu mchanganyiko ndio naona unaumiza vijana wengi zaidi hapa mjini kuliko hata mirungi yenyewe, hayo ni macho yangu tu, mnaweza kunibishia.

"Maziwa yanatoa sumu." Hayatoi. "Gomba linaongeza nguvu za kiume." Muulize anayekula kila siku, mkiwa wawili, pembeni, atakuambia hali halisi.

Na ile ya arosto. Mlaji wa gomba wa kila siku akiacha hapati yale maumivu ya mifupa ya heroini, ni kweli, ila anasinzia ovyo, mwili mzito, hasira, huzuni, ndoto za kutisha siku kadhaa. Wa enaji na kahawa nyingi anapata kichwa kuuma kuanzia siku ya kwanza, kinaweza kuendelea wiki nzima. Hiyo ni arosto, haijapewa jina tu. Kwahiyo mtu akikuambia anataka kuacha usimpigie makofi aende zake, mwambie kafeini apunguze taratibu, na zile siku za kwanza za kuacha gomba asiendeshe usiku, apange deiwaka ampe mwingine. Alale. Kama huzuni inakuwa nzito, anaanza kusema bora nife, usimuache peke yake hata usiku mmoja.

Siku ikiharibika

Itatokea mtu azidiwe ukiwa pale, au utapigiwa simu. Kifua kinabana, degedege, amezimia, au mwili wa moto sana na anaongea visivyoeleweka, hiyo ni hospitali sasa hivi, Jenerali, Mkapa, popote palipo karibu. Mkiwa mnasubiri usafiri, mtoeni juani, Dodoma hii jua lenyewe ni mgonjwa wa pili, vueni shati, mpepeeni na kitambaa cha maji. Akitupwa na degedege msimshike na msimuwekee kijiko mdomoni, ondoeni vitu vya kumuumiza, ikiisha mlazeni ubavu. Msimtapishe. Msimpe konyagi ya kumtuliza wala kidonge cha usingizi cha bibi. Daktari aambiwe ukweli amekula nini, hapo sio mahali pa kuficha aibu.

Kama ameanza kusema anafuatwa, watu wanamuongelea, usiku wa tatu hajalala, basi punguzeni watu, mmoja tu anayemuamini akae naye mahali patulivu, asibishiwe na asifungwe kamba, alafu apelekwe.

Wapi pa kumpeleka asiyezimia

Hapa kuna kitu kidogo kinachosumbua wengi. Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na kila mtu anajua likitajwa jina hilo watu wanacheka, kijana anasikia umemuita chizi. Usiseme "nenda Mirembe", sema "twende wote" na mwende wote, au muanzie kituo cha afya cha jirani apewe rufaa, inapunguza macho ya watu. Kliniki ya Itega iliyo chini ya hospitali hiyo inatoa methadoni, na hapa ndio watu wanakosea, methadoni ni ya waliotegemea heroini na jamii yake. Aliyetegemea mirungi, kokeni au meth hapewi methadoni, haimsaidii. Dawa ya namna hiyo kwa vichangamshi haipo, matibabu yake ni ushauri nasaha wa mda, kupangiwa maisha upya, kutibiwa usingizi na msongo kama vipo. Mwambie mapema, nilishampeleka dogo mmoja wa Makole anategemea atakunywa kikombe apone, akakaa nje kwenye benchi amevunjika moyo, ikabidi nianze naye upya.

Simu za bure, 119 ni ya Mamlaka ya dawa za kulevya, 116 ni ya mtoto, ziandike kwenye karatasi ndogo uziache kwa fundi pikipiki au muuza chipsi, usizigawe mkononi mbele ya watu.

Baada ya kikao andika ulichosikia usiku huo huo, bila majina, bila namba za pikipiki, weka tu "kijana, miaka ishirini na kitu, boda". Chukua wiki mbili, rudi. Ukirudi usianze na somo jipya, kaa, gawa karanga, uliza tena jana wamelala saa ngapi. Yule wa Nkuhungu mwenye shavu nilimkuta mara ya tatu, ameongea na wenzake watatu wamegawana zamu, wawili wa usiku wawili wa mchana, hesabu ya bosi inatoka kwa pamoja. Shavu bado lilikuwa limetuna. Nikamuuliza, akasema "ijumaa tu siku hizi kaka, na bango lako limekuwa pazia la dirisha kwa mama chipsi."